"Yaani" si "Kwa Mfano"

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari karibu na Buwenge, mwanafunzi wa kidato cha kwanza alinijia akiwa na daftari lake. Alikuwa amekosa alama kwa kuandika "Ng'ombe imepotea" badala ya "Ng'ombe amepotea". Hakuja kubishana; alitaka kuelewa. Katika daftari hilo, kwa mwandiko safi, alikuwa amenakili maneno haya: "Ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai, i.e. mtu, mwalimu, mkulima." Ng'ombe hakuwamo. Mtoto alikuwa amesoma alichoandikiwa, akahitimisha kwamba viumbe hai wa ngeli hiyo ni wanadamu peke yao. Aliyeandika sentensi hiyo ubaoni nilikuwa mimi.

Kosa langu lilikuwa katika herufi mbili tu. Kifupisho "i.e." kinatokana na maneno ya Kilatini id est, ambayo maana yake ni "yaani". Kifupisho "e.g." kinatokana na exempli gratia, "kwa mfano". Cha kwanza hufafanua: kinachokifuata ni sawa kabisa na kilichokitangulia, bila kuzidi wala kupungua. Cha pili hudokeza: kinachokifuata ni sehemu tu ya kilichokitangulia. Mimi nilitaka kutoa mifano mitatu, nikaandika alama ya kufunga orodha.

Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kuviazima vifupisho hivyo katika sentensi ya Kiswahili. Lugha yetu ina neno "yaani", lililotoka katika Kiarabu na ambalo ni ndugu wa neno "maana" kwa asili. Maneno yote mawili yamechipuka katika mzizi mmoja. Tena ina "kwa mfano", ambalo hufupishwa "k.m.", na "kama vile", ambalo hufupishwa "k.v." Anayesoma "k.m." kwa sauti hutamka "kwa mfano" bila kusita. Anayekutana na "i.e." katikati ya sentensi ya Kiswahili hulazimika kuvuka lugha mbili ndipo afike kwenye maana, na wengi huanguka njiani, kama nilivyoanguka mimi.

Hata hivyo, kuviacha vifupisho vya Kilatini hakutoshi ikiwa tofauti yenyewe haijashikwa. Tazama sentensi hizi mbili:

(a) Kiswahili kina vokali tano, yaani a, e, i, o na u.
(b) Kiswahili kina vokali, k.m. a, e, i, o na u.

Sentensi (a) ni sahihi. Sentensi (b) inamtuma mwanafunzi kutafuta vokali ya sita ambayo haipo. Sasa linganisha na hizi:

(c) Vivumishi vya sifa, k.m. -zuri, -refu na -pana, huchukua viambishi vya upatanisho.
(d) Vivumishi vya sifa, yaani -zuri, -refu na -pana, huchukua viambishi vya upatanisho.

Hapa mambo yamegeuka. Sentensi (c) ni sahihi, nayo (d) imeufungia nje msururu wa vivumishi vingine, kama vile -baya, -fupi na -nene.

Kipimo chepesi cha kujikagua ni "n.k." Ikiwa orodha yako inaweza kumalizikia kwa "na kadhalika", basi haikustahili kuanza kwa "yaani". Na ikiwa umekwisha kuanza kwa "k.m.", basi "n.k." haina kazi mwishoni, kwa kuwa msomaji amekwisha kuambiwa kwamba orodha haijakamilika. Chagua moja.

Wapo watakaosema kwamba vifupisho vya Kilatini ni alama ya usomi na kwamba vinaeleweka duniani kote. Katika maandishi rasmi ya Kiingereza vina mahali pake, nami sivikatai huko. Lakini hata nchini Uingereza, mwaka 2016 wasimamizi wa tovuti ya serikali walitangaza kwamba wangeviondoa katika kurasa zao, kwa sababu viliwatatiza wasomaji ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na programu zinazowasomea wasioona ziliweza kuitamka "eg" kama neno la Kiingereza lenye maana ya yai. Ikiwa wenye Kiingereza chao wameona vyema kuandika maneno kamili, sisi tunaviazima kwa faida ya nani?

Tena mwanafunzi wetu haji darasani mtupu. Anayejua Kiganda, lugha inayosikika sana katika masoko ya Jinja, hutofautisha "kwe kugamba" na "okugeza" kila siku bila kufundishwa. Mwambie kwamba la kwanza ni "yaani" na la pili ni "kwa mfano", naye atakuelewa papo hapo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Mombasa akiandikiwa kanuni yenye kasoro asubuhi, huenda jioni akasahihishwa na bibi yake jikoni. Watoto wengi wa Buwenge hawana nyumbani mtu wa kuwasahihishia Kiswahili. Kwao, ubao ndio bibi. Kabla ya kuandika "yaani" juu yake, mwalimu tarajali na ahesabu kwanza: je, nimewataja wote? Ikiwa hajawataja wote, aandike "kwa mfano", ili ng'ombe naye apate nafasi yake.