Maji ya Kuoshea Yanakwenda Wapi?

Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote huingia upande wetu wa kaskazini, Kyela, lakini maji hutoka kwa mto Shire peke yake, kule mwisho wa kusini, Malawi, tena kwa uchache. Sehemu kubwa hupaa kwa jua. Kwa mlango huo peke yake, maji ya ziwa zima yangechukua karne kadhaa kubadilika. Chumvi itakayoshuka leo na mafuriko ya masika, wajukuu wa wajukuu wetu wataikuta humo humo.

Nimeanza na ziwa kwa sababu toleo hili linahusu vichocheo yabisi, na msomaji wa Kyela ana haki ya kuuliza somo hilo la maabara linamhusu nini yeye, usipa wake na mbasa wake wanaopanda mtoni kuzaa. Jibu liko kwenye maji ya kuoshea.

Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kikemikali bila chenyewe kuisha. Ni kama mtumbwi wa kivukoni: unapakia abiria ng'ambo hii, unawashusha ng'ambo ile, unarudi kuchukua wengine. Tatizo ni kichocheo kinachoyeyuka. Anayetaka kugeuza mafuta ya mawese kuwa dizeli kwa kawaida huyachanganya na methanoli iliyoyeyushiwa kostiki. Kazi ikiisha, kostiki imebaki ndani ya mafuta, na njia ya kuitoa ni kuosha kwa maji, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Maji hayo yenye sabuni, chumvi na methanoli hayana budi kumwagwa mahali. Hapa kwetu mahali hapo ni mfereji, mfereji ni mto, na mto ni ziwa. Kichocheo yabisi ni punje zisizoyeyuka: mafuta yanapita, punje zinabaki, zinasubiri mkupuo unaofuata. Huko Sète, Ufaransa, kiwanda cha dizeli ya mimea kinachotumia oksidi ya zinki na alumini kilianza kazi mwaka 2006, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Dawa, manukato na viungo vya ladha vina hesabu mbaya zaidi. Mwaka 1992 mkemia Roger Sheldon aliwataka wenzake wapime kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Kemikali za jumla zilitoa kuanzia chini ya kilo 1 hadi 5. Kemikali za thamani, zinazotengenezwa kidogo kidogo, 5 hadi 50. Dawa zilifika 100 na kupita. Nyingi ya taka hizo zilikuwa chumvi zilizozaliwa na asidi na besi zilizotumika mara moja zikatupwa. Kadiri bidhaa ilivyokuwa ghali, ndivyo aliyeitengeneza alivyojali kidogo alichokimwaga.

Watanzania wamekuwamo katika kazi hii tangu mapema. Egid Mubofu na James Mdoe, wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya utafiti York, Uingereza, wakijifunza kufunga vichocheo kwenye silika. Nyumbani walitazama maganda ya korosho. Mafuta makali ya maganda hayo, yale yanayochubua vidole vya wabanguaji, yalitumika kama kalibu: silika ikajengeka kuyazunguka, na yalipoondolewa yakaacha matundu mapana ya kutosha kushika kimeng'enya cha invertesi, kinachovunja sukari ya mezani. Napenda kazi hiyo kuliko nyingi nilizosoma kwa sababu ilianzia kwenye kile kilichokuwa kinatupwa.

Kyela nayo ina vya kutupwa vingi. Tani moja ya mpunga ikikobolewa huacha kama kilo 200 za pumba. Pumba hizo zikichomwa hubaki kama kilo 40 za majivu, na katika majivu hayo zaidi ya kilo 30 ni silika. Kila mwenye mashine ya kukoboa ana kilima chake. Wapo watakaosema pumba tayari zina kazi, zinachoma tofali. Kweli, lakini majivu ya tanuri la tofali siyo tunayoyataka. Silika inayofaa kubeba kichocheo hupatikana kwa moto wa nyuzi kati ya 500 na 700. Ukizidi sana, hugeuka fuwele, matundu hufungika, na vumbi lake huwa hatari kwa mapafu. Jiko linalodhibiti moto ndiyo mashine ya kwanza tunayoihitaji, kabla ya chombo chochote cha maabara chenye bei ya nyumba.

Kuna pia maganda ya kakao, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa tunda na huachwa shambani yaoze, yakitunza ugonjwa wa kuoza matunda kwa msimu unaofuata. Majivu yake yana potasiamu nyingi, na mkaa wake ukitiwa asidi kwa utaratibu huweza kuwa kichocheo yabisi chenye tindikali. Hilo la tindikali ndilo lenye uzito kwetu. Mikungu ya michikichi ikikaa siku kadhaa bila kukamuliwa, mawese yake huchacha, na mafuta yaliyochacha yakikutana na besi hugeuka sabuni; yakikutana na tindikali hayageuki hivyo. Tafiti nyingi zinazoletwa kwetu zimefanywa kwa mafuta meupe ya dukani, halafu hitimisho linamtaja mkulima. Mkulima huyo hana mafuta hayo.

Nina shaka nyingine. Yabisi si lazima iwe safi. Chokaa iliyochomwa ni rahisi na inapendwa na wanafunzi, lakini huvuja kidogo kidogo ndani ya mchanganyiko, na ikiachwa wazi hufyonza unyevu na hewa ukaa hadi ikalala. Matokeo ya mzunguko wa kwanza hupendeza. Nataka kuona wa kumi.

Kutafuta mali kwenye kinachotupwa si wazo jipya. Mwaka 1922 kampuni ya Quaker Oats kule Cedar Rapids, Marekani, ilianza kutengeneza furfurali, kemikali ya viwandani, kutokana na maganda ya shayiri yaliyoijaza yadi yake. Mali ilitoka kwenye pumba, ingawa kwa asidi ya salfa. Miaka 100 na zaidi imepita, na swali la kuifanya kazi hiyo hiyo bila asidi ya kumwaga bado liko mezani. Makala mbili za toleo hili zinalishughulikia.

Kwa toleo lijalo tunaomba makala zenye mambo matatu: mafuta au pumba zilizochukuliwa kijijini zilivyo, kipimo cha kilichovuja kutoka kwenye kichocheo baada ya kila mzunguko, na ujazo wa maji yaliyotumika kuoshea pamoja na mahali yalipomwagwa. Jaribio lililokufa kwenye mzunguko wa nne tutalichapa pia, likiwa na tarakimu zake zote.