Kuzima na Kuwasha si Dawa

Katika maabara zetu za kompyuta umeenea ugonjwa wa kutibu programu kwa kuizima. Mwanafunzi anaandika amri, anaifuatisha hoja ndefu, programu inaganda. Anabonyeza Ctrl na C, anajaribu hoja fupi, inakubali. Kisha anatangaza: "Haipendi maneno marefu." Mhadhiri naye anaweka alama ya vema.

Napinga tabia hii. Urefu peke yake hauelezi kitu. Katika Linux, amri ikizidi kipimo keneli haigandi. Huikataa papo hapo na kutoa ujumbe wa kosa. Tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007, kipimo hicho hufuata ukubwa wa staki, na kwa kawaida hufikia megabaiti 2. Hoja moja hairuhusiwi kuvuka kilobaiti 128. Basi programu ikiganda kwa herufi 600, tusiisingizie keneli.

Wa kushukiwa ni watatu. Mosi, sheli: alama ya kunukuu ikifunguliwa bila kufungwa, sheli huonyesha alama ya > na kusubiri, programu yenyewe haijaanza hata. Pili, programu inasubiri kibodi, kama grep isiyopewa faili. Hapo top itaonyesha prosesa imetulia, na strace itaonyesha programu imesimama kwenye read. Tatu, programu inazunguka bila mwisho, prosesa ikikaribia asilimia 100. Hapo kata hoja nusu kwa nusu hadi uupate urefu kosa linapoanzia. Ukiwa karibu na 256 au 512, kaisome bafa ndani ya msimbo.

Wapo watakaosema muda wa maabara hautoshi. Uchunguzi huu ni wa dakika chache, na kuuacha kuna gharama. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris uliingia katika kompyuta nyingi za Marekani. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuipelekea programu ya fingerd baiti 536, wakati bafa yake ilikuwa na nafasi ya 512. Kosa tunalolikwepa leo kwa hoja fupi ni mlango ambao mwingine ataufungua kesho.

Wahadhiri wetu, jaribuni kazi zetu kwa hoja ndefu, na msitoe alama kwa programu iliyopona bila maelezo ya ugonjwa wake. Nasi wanafunzi tukumbuke: mficha maradhi, kifo humuumbua.