Chandarua Hakiendi Uwanjani

Hoja ya wanaotupinga ni hii: familia ina chandarua, basi halmashauri isipoteze fedha kumwaga dawa ya viluwiluwi vya mbu. Chandarua kinafaa, nani anabisha? Lakini saa moja jioni mtoto wa Kibaha yuko nje anacheza, na mbu hangoji kitanda kitandikwe.

Dai bovu kuliko yote ni kwamba dawa yenyewe itawadhuru watoto. Kwa njia gani? Ni bakteria ambao sumu yao hufanya kazi ndani ya utumbo wa kiluwiluwi anapowala. Binadamu na samaki hawadhuriki. Tena kiwanda kinachoitengeneza, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kiko hapohapo Kibaha!

Barani Afrika, takribani robo tatu ya wanaouawa na malaria ni watoto wa chini ya miaka 5. Madiwani, nunueni dawa.