Tuyaigize Mafuriko Kabla Hayajafika



Aprili 2024 maji ya mto Rufiji yaliingia mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti. Watu wakabishana: tuilaumu mvua, au milango ya Bwawa la Julius Nyerere lililo juu yetu sisi wa Mloka? Mimi nauliza jingine: ni nani aliyekuwa amejizoeza kuamua?

Rubani huizoea hatari kwanza katika chombo cha kuigizia, angali chini. Mbona msimamizi wa umma ajifunzie juu ya vichwa vya watu?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi kijijini. Basi kamati iketi siku moja ya kiangazi, ramani ichorwe mchangani, habari zije kidogo kidogo: bwawa linajaa, mahindi yamebakiza wiki mbili, barabara imekatika. Mhandisi awe mkulima. Mama mwenye shamba ashike milango ya bwawa. Mama ataona kwamba maji hayazuiliki bila kikomo. Mhandisi naye ataona kwamba mto usiofurika kabisa huua mlau, kilimo chetu cha maji yanapokupwa.

Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamishia watu mwinukoni. Nyumba zilipona; mashamba yakabaki bondeni, na watu wakarudi kuyalinda wakilala maduguni. Mchezo wa saa mbili pamoja na wakulima wenyewe ungalilifichua hilo mapema.

Kamati ikikosa ukumbi, wetu upo, na hatutozi malipo.