Kuchangamana si Kuzungumza

Kitenzi cha Kiyunani synanamignysthai chapatikana mara tatu tu katika Agano Jipya: mara mbili katika sura ya 5 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na mara moja katika sura ya 3 ya Waraka wa Pili kwa Wathesalonike. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 walikifasiri "kuchangamana" kwa Wakorintho, lakini kwa Wathesalonike wakaandika "kuzungumza". Tofauti hiyo ni ndogo karatasini. Usukumani ni kubwa.

Shina la kitenzi hicho ni kuchanganya, kama divai ichanganywavyo na nyongo. Hamna ndani yake habari ya ulimi wala ya sauti. Yamkini wafasiri waliwaza mazungumzo ya barazani, maana katika Kiswahili cha zamani cha pwani kuzungumza ni kukaa pamoja kwa kujifurahisha. Neno lilipofika bara liliacha baraza lake nyuma, likabaki kuwa kusema tu.

Tena huko Shinyanga lilikuta desturi iliyolingoja. Kumtenga mtu ni adhabu ya kale ya vijiji vya Wasukuma, na Sungusungu, walioanzia pande za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliitumia: aliyetengwa hasalimiwi wala hasaidiwi. Aliyelelewa katika desturi hiyo, akisomewa kwamba asizungumze na ndugu aliyekosa, hudhani Mtume ametia sahihi hukumu ya kijiji.

La, hakutia. Aya ifuatayo yaamuru mkosaji asihesabiwe adui, bali aonywe kama ndugu. Ataonywaje na watu waliofunga vinywa? Na kwa Wakorintho Paulo aeleza kwamba hakuwataja wakosaji walio nje ya kanisa, maana ingewapasa waumini kuihama dunia. Basi mchimbaji wa Geita ashukaye duara moja na walevi hatendi dhambi kwa kushika kamba moja nao.

Watauliza wapinzani: mbona akataza hata kula na ndugu wa namna hiyo? Kweli, akataza, lakini alilolikataza alilitaja. Kusema hakukutaja.

Kwa hiyo yafaa "kuchangamana" kuandikwe mahali pote patatu. Na alindaye "kuzungumza" kwa heshima ya mazoea, na ajibu: mkosaji akifa bila kuonywa, lawama ni ya nani?