TAHARIRI: AMEBALEGHE, NANI ALIMFUNDISHA?

 

Katika mwezi wa Ramadhani uliopita alitujia, baada ya sala ya Tarawehe, kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu. Amekwisha hitimu Msahafu, yuko kidato cha pili, na wazee wa msikiti humsifu kwa kuwahi safu ya kwanza. Alisubiri watu wapungue, kisha akauliza kwa sauti ya chini huku akitazama mkeka: "Ustadh, mtu akiota usiku akaamka nguo imelowa, saumu yake imebatilika?" Tukamjibu kuwa saumu yake ni sahihi, ila imempasa kuoga josho la janaba kabla ya kusali. Akanyamaza. Kisha akauliza tena: "Na kama alikuwa haogi?"

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na nusu, Ustadh."

Hatukumlaumu. Mtoto huyu alikaa mbele yetu miaka sita. Tulimsahihisha makhraji ya herufi mpaka ulimi ukanyooka, na tulisoma naye Safinatun-Najaa, kitabu ambacho vyuo vyetu vingi huanzia. Alama za kubaleghe zimetajwa humo katika kurasa za mwanzo kabisa, kabla ya udhu na kabla ya sala. Tulimhifadhisha kwa Kiarabu. Maana yake tuliipita kwa haraka, kwa haya, tukidhani baba yake atamwambia, na bila shaka baba naye alidhani Ustadh amekwisha sema. Ametupa idhini ya kuyasimulia haya bila kumtaja jina.

Mwanachuoni aliyeandika kitabu kile hakuliweka somo hilo mwanzoni kwa bahati. Kubaleghe ndiko kunakomfanya mtu kuwa mukallaf, mwenye kuandikiwa dhambi. Katika madhehebu ya Shafi, kuota na hedhi huzingatiwa tangu miaka 9, na ambaye hakuona alama yoyote huhesabiwa amebaleghe atimizapo miaka 15. Hoja ya umri huo ni kisa mashuhuri cha Abdullah bin Umar (R.A.), aliyekataliwa kwenda vitani siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akakubaliwa siku ya Khandaq akiwa na 15. Miaka hiyo ni ya mwezi mwandamo. Anayehesabu kwa kalenda ya shule humchelewesha mwanawe kwa zaidi ya miezi mitano.

Waganga wa zama hizi nao wanasema jambo lililo karibu na hilo. Mabadiliko ya mwili kwa msichana huanza kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, na kwa mvulana kati ya miaka 9 na 14. Hedhi ya kwanza hufuata baada ya kifua kuanza kuota, aghalabu kwa muda wa miaka miwili au zaidi kidogo. Kwa hiyo binti aliye darasa la nne au la tano huenda yuko njiani tayari, nasi bado tunamwita mtoto. Tumewahi kuona binti wa miaka 11 akiacha chuo ghafla. Mama yake alikuja kutueleza baadaye kwamba alidhani ameumia, akaficha nguo zake kwa siku nne, na aliporudi darasani akaogopa kuugusa Msahafu mbele ya wenzake bila kujua aseme nini. Mwalimu wake alikuwa mwanamume. Angemwambia nani?

Hapa tuseme kweli, hata kama itatuuma. Zamani, katika miji yetu ya pwani, binti alikuwa na somo wake na mvulana alikuwa na ngariba na manyakanga wa jando. Sisi watu wa islahi tulisimama kuyapinga mengi yaliyofanywa humo, ngoma na nyimbo zisizo na staha, na hatujutii kuyapinga yaliyo maovu. Lakini ndani ya unyago ule kulikuwa na mtu mzima aliyekaa chini na mtoto akamweleza mwili wake. Tulibomoa nyumba tukaacha kiwanja kitupu. Sasa kiwanja hicho kimejengwa na simu, na mafunzo yake mnayajua.

Tukirudi nyuma kidogo, kuna umri wa tamyizi, baina ya miaka 7 na 10. Kila mzazi anaijua hadithi iliyopokewa na Abuu Daud, ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka 7, kuwapiga kwa ajili yake wakifikia 10, na kuwatenga katika malazi. Ajabu ni kwamba wengi wameshika fimbo tu. Piga hesabu: miaka mitatu, sala tano kila siku, ni zaidi ya mara 5,000 za kuamrisha, kumwita mtoto na kusimama naye, kabla fimbo haijatajwa. Nani miongoni mwetu amezitimiza? Na hiyo fimbo yenyewe mafakihi wameiwekea masharti, la kwanza isijeruhi. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alionya katika Muqaddima yake kwamba mwanafunzi aliyelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili ajinusuru. Tunawajua wanafunzi wa namna hiyo. Ni kazi ya mikono yetu.

Umri huu ndio mtoto anapoanza kujilinganisha na wenzake, kupima haki na dhuluma, na kuona aibu ya kweli. Ukimdhalilisha mbele ya darasa akiwa na miaka 9, atakusubiri afike 13 aondoke. Tena tunamnyima kucheza. Alfajiri yuko shule, alasiri chuoni, usiku masomo ya ziada, ilhali mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Imam Ghazali, katika Ihyaa, alitaka mtoto aruhusiwe mchezo mzuri baada ya masomo, kwa kuwa kumkatalia daima huua moyo wake.

Na baada ya kubaleghe kazi haijaisha. Qur'an Tukufu, katika Suratun-Nisaa, imetenganisha kufikia umri wa kuoa na kufikia busara ya kukabidhiwa mali. Madaktari wanasema sehemu ya ubongo inayomzuia mtu na pupa huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Hilo halimwondolei kijana takalifu. Linatuondolea sisi udhuru wa kumwachia njia akiwa na miaka 15.

Kamati za misikiti zinachangisha fedha za zulia na vipaza sauti. Tunaziomba zichangishe pia posho ya mwalimu mwanamke kwa kila chuo chenye mabinti. Na tunawaomba akina baba wasingoje Ustadh. Mtoto atimizapo miaka 9, keti naye siku moja baada ya Isha, milango ikiwa imefungwa, umsomeshe mlango wa josho kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Ama yule kijana, aliuliza kuhusu sala zake. Tulimfundisha namna ya kuoga, kisha tukakaa naye kupanga namna ya kuzilipa, kidogo kidogo, baada ya kila sala ya faradhi. Bado anazilipa.