Eti Saketi Si ya Kwetu?

Vibanda vya picha hapa Bagamoyo vinafanana: twiga, Wamasai, jahazi, machweo. Simlaumu mchoraji, mgeni ananunua twiga, na kodi ya nyumba haisubiri. Ninaowalaumu ni sisi waandishi. Kijana aliyejifunza mwenyewe akileta picha dhahania, mistari iliyopishana kama saketi ya simu, tunamuuliza, "Sasa Uafrika uko wapi hapo?"

Jamani! Huyo Edward Saidi Tingatinga tunayemfanya kipimo cha asili, naye alijifunza mwenyewe. Mwaka 1968, pale Dar es Salaam, alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Vyote vya kiwandani. Alishika kilichokuwepo zama zake. Sisi tumerithi wanyama wake, uthubutu wake tukauacha.

Na nani kasema teknolojia ni ya wageni? Koltani iliyomo kwenye simu inachimbwa mashariki mwa Kongo. Ndiyo maana Eddy Kamuanga Ilunga wa Kinshasa anachora watu wenye ngozi ya saketi. Vifaa vya umeme vikifa, vinaishia majalalani kwetu. Cyrus Kabiru wa Nairobi, ambaye naye hakusomea sanaa, anaviokota na kuunda miwani.

Hata yule twiga wa kibandani siku hizi analipiwa kwa simu. Basi tuache kumdai kijana cheti cha Uafrika. Tuitazame picha yake, kisha tuseme kama ni nzuri au mbaya.